Wufa Iliyotangaza Mshahara

Kijana alihamia kwetu Kawangware kwa sababu ya stima. Kule Makina, Kibera, anakokaa mama yake ambaye ni wifi yangu, ploti nzima inanyonya waya mmoja. Ikifika saa moja jioni huyu anapiga pasi, yule amewasha koili asonge ugali, na balbu inafifia mpaka unauona uzi wake mwekundu. Watu wamezoea. Pedali za gitaa hazizoei. Ile yake ya mwangwi ni ya dijitali. Volti zikishuka inajizima, zikirudi inajiwasha upya, na wimbo uliokuwa umenoga unabaki umekatwa mkia. Wifi akanipigia simu.

"Wifi yangu, nakuletea mwanao. Begi moja la nguo, mawili ya takataka. Usiniulize."

Kijana alibeba mizigo yake kutoka Makina, akapenya Toi hadi Ngong Road, akapanda matatu mpaka Dagoretti Corner, akamalizia na bodaboda kwa Naivasha Road hadi kwetu Gatina. Mwenye bodaboda alidai nauli ya abiria wawili. Nilipoyaona yale mabegi ya waya sikumlaumu.

Sisi tuna mita ya tokeni, vyumba viwili, watoto, na mzee wangu ambaye ni mwashi. Tuna pia wufa. Niliinunua zamu yangu ya chama ilipofika, na kazi zake zinajulikana: injili asubuhi, mpira usiku.

Stima ilikuwa sababu moja ya kuja kwake. Ya pili ilikuwa damu, na hiyo alitueleza usiku wa kwanza kabla sahani hazijaondolewa.

"Anti, mnajua mnakaa kwa kina nani? Kwa kina Tom Morello."

Mzee akauliza huyo Morello ana ploti wapi. Ikabidi tusomewe ukoo. Tom Morello, mpiga gitaa wa Rage Against the Machine, alizaliwa Harlem, New York, mwaka wa 1964, akalelewa na mama yake, mwalimu Mary Morello, katika mji wa Libertyville, Illinois. Baba yake ni Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia wa Kenya aliyekuja kuwa balozi wetu London. Ndugu ya huyo baba ni Dkt. Njoroge Mungai, waziri wa Kenyatta na mbunge wa Dagoretti mpaka alipobwagwa kwenye uchaguzi wa 1974. Dada yao ni Jemimah Gecaga, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958. Na Kawangware iko Dagoretti, au siyo?

"Kama ni mtu wa Dagoretti," mzee akasema, "mbona hapigi mugithi?"

Kijana alimezea. Amelelewa vizuri. Akaendelea kutupangia pedali za Morello mezani, akitumia vifuniko vya sufuria kwa sababu zake mwenyewe hazikutosha. Hapa ni wah, kichungi cha sauti kinachofunguka na kufumba kama mdomo unaposukuma kwa mguu. Hapa ni Whammy ya DigiTech, ambayo ukiikanyaga noti moja inapaa oktavu mbili nzima, mpaka gitaa linalia king'ora. Hapa mwangwi wa Boss. Hapa kisawazisha sauti cha DOD, ambacho yeye hukitumia kujiongezea nguvu wakati wa kupiga solo. Basi. Vitu vichache hivyo, na ameng'ang'ana navyo zaidi ya miaka thelathini. Albamu yao ya kwanza ilipotoka mwaka wa 1992, waliandika kwenye jalada kwamba hakuna kinanda, sintesaiza wala sauti ya kunakiliwa iliyotumika, maana walijua watu watabisha.

Mimi nilibisha. Alinisikilizisha kwa simu sehemu ya katikati ya "Bulls on Parade" ya mwaka wa 1996, nikaapa ni DJ anasugua santuri. Akachukua gitaa lake bila kulichomeka popote, akakaa ukingoni mwa kitanda cha watoto, akanionyesha polepole. Gitaa lina vinasa sauti viwili. Kimoja unakizima kabisa kwa kitufe chake, kingine unakifungua mpaka mwisho. Mkono wa kushoto unasugua nyuzi zilizofumbwa, kidole cha kulia kinagonga swichi ya kuchagua kinasa, sauti ipo, sauti haipo, na mguu nao unafumba na kufumbua wah. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa plasta iliyochakaa, na kile kiswichi kilitoa mlio mkavu, tiki-tiki-tiki, nami nikaelewa kwamba hiyo plasta haikuwa ya kisu cha jikoni.

Shida ni ampu. Ya Morello ni Marshall JCM800 ya wati 50 inayosukuma kabati la spika la Peavey, na ukali wa sauti yake unatoka humo: mawimbi yanazidi uwezo wa ampu, vichwa vyao vinakatwa, na ule mkato ndio mkwaruzo tunaousikia. Wufa ya chama haikukusudiwa kutendewa hivyo. Ukiizidishia inaungua, na mimi nilisema wazi kwamba siku itakayoungua mtu atarudi Kibera kwa miguu. Kwa hiyo mkwaruzo ulipaswa kupikwa mapema, kabla haujafika kwenye wufa. Kijana alikuwa na kijisanduku cha kazi hiyo, fazi, alichokilehemu mwenyewe kwa transista mbili ndani ya mkebe wa plastiki wa majarini. Huo mkebe ndio mzizi wa kesi yote ninayoisimulia.

Fazi yenyewe ilizaliwa kwa ajali, na hadithi yake ilitufanya tukeshe macho. Huko Nashville, Grady Martin alikuwa anapiga besi kwenye wimbo wa Marty Robbins wa mwaka wa 1961 uitwao "Don't Worry" wakati sehemu moja ya meza ya kurekodia ilipoharibika. Besi ikatoka inakoroma. Wakauacha mkoromo ulivyo, wimbo ukapendwa, na fundi mitambo wa kikao hicho, Glenn Snoddy, akaunda saketi ya kuutoa ule mkoromo kwa makusudi. Mwaka wa 1962 Gibson ikaanza kuuza kijisanduku cha Maestro Fuzz-Tone. Watu hawakukichangamkia sana mpaka mwaka wa 1965, Rolling Stones walipokitumia kwenye "Satisfaction".

Mzee aliweka kikombe chini. "Yaani kifaa kiliharibika, na badala ya kuita fundi wakauza ubovu wenyewe?"

"Ndiyo, Anko."

"Na mimi nikijenga ukuta umepinda nalipwa?"

Siku za mwanzo wufa ilikuwa inavuma tu. Stima yetu hutikisika mara 50 kwa sekunde, na adapta ya bei ya chini huuachilia mtikisiko huo uingie kwenye pedali. Fazi haina adabu; chochote kidogo inakifanya kikubwa. Tulikula, tukasali, tukalala na ule mvumo. Jirani wa kushoto aliuliza kama tumenunua friji.

Mzee wangu ni mtu wa kusaidia, na nyumba hii mara nyingi huharibikia hapo. Jumapili moja kijana alikwenda kupiga kanisani kule Kibera, akarudi adapta ameisahau. Kabla hajamaliza kuvua viatu, Anko wake alikuwa amekwisha kuchomoa ile ya king'amuzi na kuichomeka kwenye pedali ya mwangwi. Ncha yake iliingia sawasawa. Lakini adapta ya king'amuzi ni ya volti 12, chanya katikati. Pedali nyingi za gitaa ni za volti 9, hasi katikati, kinyume na karibu kila kitu kingine kilichomo nyumbani. Hakukuwa na mlipuko. Kulikuwa na harufu, kisha kimya, kisha mzee akisema kwamba hata kabla hajaigusa aliiona imechoka.

Fundi wa redio pale Kongo, hapa hapa Kawangware, alifungua skrubu nne, akaigeuza, akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi kitu cheusi chenye mstari mweupe, kisichofika nusu ya ukucha. Diodi. Iliwekwa pale makusudi, ili stima ikija kinyumenyume ife yenyewe na vingine vipone. Ilikuwa imepasuka katikati. Alitoa nyingine kutoka kwenye kopo la misumari, akalehemu, akatoza pesa ya soda, na bila kuulizwa akamwambia kijana aachane na adapta. Mawe sita ya tochi, alisema, yapange mstari mmoja. Kila jiwe volti moja na nusu. Mara sita ni tisa kamili, na mawe hayavumi.

Zamani mawe ya Eveready yalitoka hapa hapa nchini, Nakuru, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka wa 2014. Yetu hayakutoka mbali hata hivyo. Mawili yalitoka kwenye tochi ya kwendea choo, manne kwenye redio yangu ya jikoni. Kwa hiyo wiki nzima mimi nilipika bila taarifa ya habari na wengine walikwenda chooni kwa kupapasa, ili mtu mmoja apate volti tisa safi. Aliyafunga kwa mpira wa baiskeli ndani ya kisanduku cha viatu, na Jumapili akaenda nacho kanisani kama mhasibu wa harambee. Nasikia katikati ya pambio stima ya Kibera ilipotea, na pedali zote zikabaki zinawaka taa zao nyekundu mbele ya spika isiyosema neno. Mchungaji alisema amina.

Lakini nyumbani, mvumo uliisha. Wufa ilitulia mpaka unasikia saa ya ukutani. Na katika utulivu huo, Jumamosi alasiri, kijana akiwa ameweka gitaa mapajani anatafuta sauti ya nyuzi, spika ikasema: ti-ti-ti, ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrr. Sekunde mbili baadaye simu ya mzee ikalia mfukoni. Akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Matangazo tu," akasema.

Simu yake ni mulika mwizi, ya mtandao wa zamani wa 2G. Kijana alinieleza baadaye, mzee akiwa ametoka. Simu hizo hazirushi mawimbi mfululizo. Hurusha kwa vipande, na ukiwa kwenye mazungumzo vipande hivyo hufika 217 kwa sekunde, kasi ambayo sikio linaisikia. Na ujumbe au mtu anapotaka kuingia, simu hujibizana kwanza na mnara, ndipo mlio utoke. Fazi iliyo ndani ya plastiki haina ngao. Inayadaka mazungumzo hayo ya simu na mnara, inayakuza, inayakabidhi wufa.

"Kwa hiyo wufa inajua kabla yake?"

"Kabla kidogo, Anti."

Mzee wangu hulipwa na foremani kwa M-Pesa, Jumamosi, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Kwa miaka mingi nimeambiwa foremani hajatuma, foremani yuko mazishini, foremani ametuma nusu. Jumamosi iliyofuata nilikaa nikichambua sukuma wiki karibu na spika. Ti-ti-ti, ti-ti-ti, trrrr.

"Foremani ameingiza?" nikauliza, macho kwenye mboga.

Alinitazama kwa muda. "Umejuaje?"

"Nimehisi."

Alizima mlio wa simu. Wufa haikuhitaji mlio. Akaanza kuiacha simu chumbani, lakini ukuta wetu ni mbao na mabati ya ndani ni machache. Akajaribu kuiacha kwa mama wa kibanda cha chips, na siku hiyo foremani akapiga kumuuliza kuhusu simiti, akaikosa kazi ya Jumatatu. Hapo ndipo alipoanza kupenda muziki. Alimuuliza kijana maswali. Akataka kujua bendi za roki za Nairobi, akaambiwa habari za Parking Lot Grass na Crystal Axis, akaitikia kwa kichwa. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haja, kama ule mlio wa ti-ti-ti hausumbui sanaa.

Kijana, ambaye hajui kudanganya wakubwa, alisema dawa ipo: kuihamisha fazi kutoka kwenye plastiki hadi kwenye kopo la chuma lililounganishwa na ardhi ya saketi.

Jioni ile ile mzee alirudi na biskuti za kopo. Tangu tuoane hajawahi kuninunulia biskuti za kopo, hata Krismasi. Watoto walizimaliza kwa kikao kimoja, yeye akilisubiri kopo kwa mkono ulionyooshwa. Akatoa pia pesa za rangi, ili lipendeze.

Kazi ilifanyika mezani kwangu, kwa hiyo niliiona yote. Kijana alitoboa matundu, akahamisha transista zake mbili, akalehemu waya wa ardhi kwenye chuma. Nilipokuwa nampakulia chapati ya tatu akanong'ona kwamba, kusema kweli, kopo ni nusu ya kazi. Waya mrefu wa gitaa nao ni antena. Pale unapoingilia inatakiwa kapasita ndogo ya kuyamwaga mawimbi ya simu kwenye ardhi kabla hayajafika kwenye transista. Kule mjini, Luthuli, inauzwa shilingi chache.

"Na umeinunua?"

"Bado, Anti. Nilikuwa niombe nauli."

Nilimwongeza chapati ya nne na kumwambia mjini kuna jua kali, apumzike.

Jumamosi mzee alivuta kiti chake hadi ubavuni mwa wufa, simu mfukoni, akampigia wifi kule Makina kumsifia mwanawe jinsi alivyo na mikono ya dhahabu, kisha akakata, akaagiza chai, na kuniuliza mbona sukuma wiki yangu leo ni nyingi hivyo.