Namna ya Kumchosha Mtoto Kabla ya Saa Moja Jioni

Shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona katikati ya Machi 2020, na kuanzia tarehe 27 kafyu ikawa saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12. Wengine wakangoja hadi Januari 2021. Mzazi wa Masimba, Kisii, mwenye mtoto wa gredi ya tatu alikaa naye miezi tisa na nusu. Balaa hilo likirudi, fanya hivi.

Anza na simu. Ni ya mama, na masomo yalipitia humo, kwa hiyo usiitukane. Ila somo la nusu saa likiisha, katuni huingia bila kubisha hodi. Taja saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha simu irudi kwa mwenyewe. Usiifiche juu ya kabati; mtoto wa umri huo anajua kupanda.

Sasa litazame shamba. Mashamba mengi ya Kisii ni kama utepe, kutoka mgongoni mwa kilima hadi kijitoni. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku, na mteremko huo unazo. Mpe mtungi mdogo, umsindikize mtoni. Kushuka ni mchezo. Kupanda kuna kazi.

Timu unayo tayari. Ndugu wamegawana shamba la baba, watoto wao wanakula chungu kimoja. Wacheze mchezo wa kati, waruke kamba, wasuke mpira wa majani makavu ya mgomba. Jirani ashindane nao mbio, kila mmoja upande wake wa ua.

Mvua ya alasiri ikishuka, wasimulie Naftali Temu, Mkisii aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, 1968. Mbio hizo ni mizunguko 25 ya uwanja. Sogeza viti, nao waizunguke meza mara 25, huku wewe ukihesabu kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

Halafu vua viatu ukimbie nao. Mtoto aliyemshinda babake hadi mgombani huamka akidai marudiano kabla hajaiulizia simu.