Zimwi Lenye Adabu

Kappa wa Kijapani ni zimwi la mtoni, ila ana adabu zake: utosini kajaliwa kisahani cha maji, ukimwinamia naye huinama, maji yakamwagika, nguvu kwisha. Tango akilipata, hufurahi. Mwaka 1985 Wamarekani wa mchezo wa Dungeons & Dragons wakamtia kitabuni, wakampimia uhai kwa pointi ili auawe mezani kwa dadu.

Hongereni, mashujaa. Sasa njooni ufukwe wa Rumonge, Burundi, kwenye maji ya Gustave, mamba aliyekadiriwa mita 6. Hollywood walimtungia filamu mwaka 2007, wakaipigia Afrika Kusini (sijui waliogopa nini). Mama anayefua hapa hana dadu. Mwinamieni mamba huyo nyinyi, tuone. Matango tutawanunulia.