Seruji ya Babu

Kojani hakuna farasi. Nasema mapema, asije mtu akavuka bahari kuja kuwatafuta. Kuna pweza, kuna changu, kuna watoto wengi kuliko mahali pa kuchezea, na nyumba zimebanana hata jirani akiunga mchuzi, mate yanakutoka weye. Babu yangu, mzamiaji aliyeanza kwenda dago, kambi ya wavuvi, kabla hajaota ndevu, ameishi humo na kufa humo akimpenda farasi.

Maradhi hayo aliyapatia upande wa Lamu na Pate. Usiku, dagoni, mzee mmoja mwenyeji akiwaghania wavuvi Utenzi wa Tambuka, aliotunga Mwengo bin Athumani kule kule Pate mwaka 1728. Wenziwe walisikia vita vya Waislamu na Warumi. Yeye alisikia kwato. Shujaa akiuawa, Babu huuliza: "Na farasi wake je?"

Kaskazi moja akarudi na seruji. Wenziwe wameshuka chomboni na redio na kanga za wake zao, yeye na kiti cha ngozi begani, kikuukuu, kinanuka jasho la mnyama asiyejulikana, kakinunua Mombasa kwa fedha ya kuezekea nyumba. Masika yalipoingia, baba yangu, mtoto mdogo wakati huo, akilazwa chini ya seruji, maana ndipo mahali pekee pasipovuja.

Bibi alimwandama kwa seruji ile miaka yote. Babu naye hujitetea kwa historia: mwaka 1840 Sultani Sayyid Said aliipeleka merikebu yake Sultana mpaka New York, na ndani yake mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Bibi hajui Van Buren ni nani, lakini hesabu anaijua. "Hata Sultani kawatoa wake, weye wawataka wa nini?" Babu hakuwahi kumwambia kwamba hata rais mwenyewe hakubaki nao; sheria ya kwao haikumruhusu, wakauzwa.

Aliyemvunja moyo ni bwana mifugo. Alimweleza kwamba kuna tauni ya farasi, inaenezwa na usubi, na farasi akishikwa nayo kupona ni bahati. Sasa nionyesheni nyumba ya Kojani isiyo na usubi magharibi ikiingia! Bara nako kuna mbung'o. Ila, akaongeza bwana yule kwa kujisemea tu, punda tauni hiyo haimuui.

Babu hakulala. Asubuhi alituambia punda na farasi ni mtu na binamuye.

Punda alinunuliwa ng'ambo, nami nina miaka saba, nikapewa kazi ya kushika mkia. Kumpandisha mashuani tulianza jua halijapanda, watu wanne, na Babu alisisitiza avikwe seruji kabisa ili aizoee. Katikati ya maji mnyama akatutazama mmoja mmoja, akaruka. Punda anaogelea, siku ile ndiyo nimejua. Na badala ya kurudi kwao, akashika njia ya Kojani, akafika kabla yetu.

Tulimkuta kichochoroni, baina ya nyumba yetu na ya jirani, pale ambapo mtu mwenye ndoo hupita ubavu. Seruji imekwama kwenye kuta mbili. Mbele hawezi, nyuma hataki. Mkia uko uani kwetu, kichwa kimeingia jikoni kwa jirani, ambaye alikuwa ameianika mikate yake ya kumimina juu ya ungo ipoe. Ulisalia ungo. Kila akilia, wazee barazani wanasema audhubillahi, na adhuhuri ikaadhiniwa watu wakazunguka nyumba sita ili wafike msikitini.

Babu alikuwa akimbembeleza kwa sauti ambayo Bibi, nadhani, hakuwahi kuisikia. Bibi akaja na kisu cha kuparia samaki, akaukata mkanda wa tumboni. Punda akachomoka, seruji ikabaki ukutani inaning'inia.

"Haya, baba," Bibi akasema, "mpande."

Hakumpanda, si siku ile wala kesho yake, alipomrudisha kwa nusu ya bei na kulipa mikate ya watu.

Hitima ya Babu, jirani yule yule alileta mkate wa kumimina, akauweka juu kabisa ya kabati. Tulicheka mpaka tukalia, na waliokuwa wakilia wakacheka. Binamu yangu mmoja akashauri seruji ipelekwe Unguja ikauzwe kwa watalii. Bibi, aliyetishia kuitupa baharini tangu mie sijazaliwa, alimfukuza kwa mwiko.

Ingali kwake, nyuma ya mlango. Wiki iliyopita kuku wake mwekundu alikuwa ameatamia humo mayai 11.