Blanketi la Mtungi

Shangazi yake Baba Salimu alitushukia Njombe mwezi wa saba, kutoka Tanga, na dumu la lita tano la mafuta ya nazi. Asubuhi ya pili alifungua dumu, akalipindua juu ya kikaango, hakikutoka kitu. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe pe.

“Nimeibiwa! Mkamwana, njoo uone! Wamenichanganyia mafuta ya mgando!”

Nilimwambia hajaibiwa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga yanabaki maji karibu mwaka mzima, lakini jiko letu alfajiri ya mwezi wa saba halifiki hata nusu ya hapo. Tukaliweka dumu juani. Saa saba mchana mafuta yakawa maji, naye Shangazi akamsamehe yule muuzaji, ingawa si kwa moyo wote.

Hayo yalikuwa ya kufungulia kinywa tu. Kisa chenyewe ni maharage.

Shangazi akija hakuna mwingine anayepika. Saa nane mchana alibandika maharage ya soya ya Njombe, makavu, bila kuyaloweka, kwenye jiko la gesi. Saa kumi na moja yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Akaongeza moto. Maji yakafoka, kifuniko kikarukaruka, madirisha yakatoka jasho, maharage yakabaki yaleyale.

Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotukandamiza ni pungufu kuliko ile ya Tanga kwa kiasi cha moja ya tano. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyo juu yake. Hewa ikilegea, kazi ni ndogo, ndiyo maana huku yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Na yakishaanza kuchemka, ukiongeza moto unaongeza mvuke, joto halipandi ng’o. Kuitoa lita moja ya maji kwenye ubaridi wa bombani hadi kuchemka ni kazi ndogo. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunakula moto karibu mara saba zaidi. Moto wote huo unaingia na kipimajoto hakitikisiki. Joseph Black, tabibu na mkemia wa Uskoti, aliligundua jambo hili katika miaka ya 1760. Alijiuliza kwa nini theluji haiyeyuki yote kwa mkupuo na kuleta mafuriko mara tu jua linapowaka. Akaona kwamba barafu humeza joto jingi ili igeuke maji tu, bila kupata moto hata kidogo. Mie namheshimu sana mtu huyo, maana alikuwa hana Shangazi wa kumshawishi.

“Bakari, ongeza gesi!”

Baba Salimu, ndiye huyo Bakari, akafungua hadi mwisho, plate zote mbili. Baada ya muda moto ukaanza kunywea. Nikainama kuutazama mtungi: sehemu ya chini ilikuwa imelowa umande, na karibu na kitako kumefanyika utando mweupe wa barafu, ukiugusa unanata kidogo kidoleni. Mtungi wenyewe ulikuwa bado mzito. Gesi ya kupikia ndani ya mtungi ni kimiminika, na haiji jikoni mpaka ichemke kwanza humohumo ndani. Ili ichemke inahitaji joto, na joto hilo inalichota kwenye chuma na kwenye hewa ya jikoni. Ukiivuta kwa pupa, inapoa kuliko inavyopata. Butani inachemka kwenye nyuzi sifuri hivi, propani kwenye 42 chini ya sifuri. Mtungi ukipoa, butani inakuwa mvivu kweli.

Baba Salimu aliona mtungi unatetemeka kwa baridi. Akaenda chumbani, akarudi na blanketi letu jipya, akaufunika mpaka shingoni, akachomekea vizuri.

“Baba,” Salimu akasema, yuko kidato cha tatu, “mtungi hauna joto lake. Unaukinga usipate la nje.”

“Nyamaza. Hata Mpemba walimcheka.”

Huyo Mpemba ndiyo silaha ya Watanga wote. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akisoma Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa wenzake. Walimcheka, na mwaka 1969 akachapisha makala pamoja na Profesa Denis Osborne. Wanasayansi wanabishania hilo hadi leo. Lakini Mpemba hakufunika mtungi blanketi.

Moto ukazidi kunywea. Ndipo Shangazi akatokea uani na jiko la mkaa limewaka vizuri, analileta ubavuni mwa mtungi, “tuupashe kidogo.” Nilipiga ukelele ambao jirani aliusikia. Kimiminika kile kikipashwa moto, shinikizo ndani ya mtungi linapanda vibaya. Na gesi ikivuja, mkaa uko palepale. Salimu alifunga gesi, mie nikalirudisha jiko uani kwa mikono yangu miwili.

Jirani, aliyekuja mbio akidhani tumevamiwa, aliuliza kuna nini, akaambiwa maharage. Akarudi kwake, akaleta presha kuka. Kifuniko kinauzuia mvuke usitoke, shinikizo linapanda, maji hayapati nafasi ya kuchemka mapema, na joto linavuka nyuzi 110 hata huku kwetu. Tuliibandika palepale uani, juu ya mkaa wa Shangazi. Haikufika saa nzima. Tulikula saa tatu usiku, maharage laini, na nazi ndani yake, na Shangazi akala mara mbili bila kusema neno juu ya mtungi.

Jumamosi alipanda basi kurudi Tanga. Jumapili jirani alikuja kuulizia presha kuka yake. Nikampigia simu Shangazi.

“Hiyo? Nimeichukua, mkamwana. Huko kwenu inateseka bure, mtungi wenyewe mgonjwa.”

Tanga, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 100 bila kubembelezwa. Jirani bado anasubiri.