Shangazi Stima Ajibu: Cheti Hakipimwi kwa Simu

Wiki hii barua zimejaa, na ajabu yake hakuna hata mmoja anayelia kwa ajili ya mume. Toka Ng'ombeni hadi Lunga Lunga watu wanajenga, na mwenye kujenga hana nafasi ya mapenzi. Haya, tuanze.

*Shangazi, nimejenga vyumba vitatu hapa Ukunda. Stima amenivutia shemeji yangu, na kazi yake ni safi, hata soketi zimelingana na mapazia. Nimeomba mita, naambiwa nipeleke cheti cha kuonyesha kazi imekamilika na imepimwa. Shemeji hana leseni. Kuna bwana ameniambia nimtumie elfu tano kwa simu, cheti nitakuwa nacho kabla ya adhuhuri. Nitume?*
*Njia Panda, Ukunda*

Njia Panda, ungekuwa unaoza binti, ungemkubali shahidi aliyetia sahihi akiwa Likoni huku nikaha inasomwa Ukunda? Cheti ni ushahidi. Aliyekisaini anasema: nilikuwepo, nilipima, nikiulizwa nitajibu. Huyo bwana wako wa elfu tano siku ya kuulizwa simu itakuwa haipatikani.

Sikiliza anachopima fundi wa kweli. Kabla stima ya volti 240 haijaingia, husukuma volti 500 za kipimo chake kwenye nyaya, aone kama pana ganda linalovuja. Huhakikisha swichi inakata waya wa moto. Ikikata ule mwingine taa itazimika vilevile, na tofauti utaijua siku unapobadili balbu. Kisha huufuata waya wa ardhi, ule wa kijani, kutoka kila soketi mpaka kwenye chuma kilichozikwa nje. Katika hayo yote hakuna linalolingana na mapazia.

Sheria ya Kawi ya Kenya ya 2019 inataka mwenye kuvuta stima awe ameidhinishwa na EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi. Madaraja yao huanzia C-2, la kazi ndogo za fezi moja, hadi A-1. Jina la fundi litafute katika orodha ya EPRA mtandaoni, uangalie na tarehe ya leseni. Ukimpata aliye hai kwenye orodha, mlete nyumbani apime, afungue anachotaka kufungua, arekebishe, ndipo asaini. Shemeji naye asimame kando ashike tochi na kujifunza, kisha aende akaombe leseni yake. Na wewe punguza sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shemeji akisifiwa hupunguza waya.

*Shangazi, kila nikishika friji nikiwa pekupeku inanitekenya. Mama mkwe asema ni jini wa kiume amenipenda. Nyumba ilipata cheti miaka tisa iliyopita, kwa hiyo stima haina kosa. Nimuite mganga?*
*Niliyependwa, Msambweni*

Mwanangu, hongera kwa kupendwa, lakini zima swichi kubwa sasa hivi, kisha umalizie kusoma. Huyo anayekutekenya ni stima inayotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia iliyoipata ni wewe. Mume wako akikununulia kandambili atakuwa ameficha ugonjwa tu.

Cheti chako si cha uongo, ila kinaizungumzia siku ile ya kupimwa. Chumvi ya baharini haisomi vyeti. Kwa miaka tisa upepo wa kusi umekuwa ukila kile kibano kinachoshika waya wa ardhi. Tena sisi tumekaa juu ya matumbawe na mchanga. Chuma kikichomekwa kifupi kwenye mchanga mkavu, stima haipati pa kushukia, hasa kiangazi. Mwite fundi mwenye leseni apime ardhi, akuongezee fimbo iende chini penye unyevu, abadilishe kibano, na akuwekee ile brekari inayokata yenyewe ikihisi miliampea 30 zimepotea njia. Mama mkwe akibisha, mwambie afanye hesabu: jini wa kweli hakatwi na miliampea 30.

*Shangazi, naishi Birmingham, ninajenga Diani kwa WhatsApp. Huku Uingereza, tangu 2005, kazi kubwa ya stima nyumbani ama iarifiwe halmashauri, ama ifanywe na fundi aliyesajiliwa ambaye huthibitisha kazi yake mwenyewe. Binamu amenitumia picha: plasta tayari, vigae tayari, fundi anadai pesa zake za mwisho. Nitajuaje kilichomo ukutani?*
*Mwana wa Mbali*

Kwa picha hutajua, mwanangu. Picha huonyesha vigae. Zuia hizo pesa za mwisho mpaka cheti kitoke, na kisainiwe na mkandarasi uliyemtafuta wewe, asiwe wa binamu. Kipimo cha volti 500 huona ndani ya plasta hata pale macho yasipofika. Mwambie afungue soketi mbili tatu aangalie unene: milimita za mraba 2.5 kwenye soketi, 1.5 kwenye taa, na ile shawa ya kupasha maji iwe na waya wake mnene peke yake kutoka kwenye brekari. Kama baraza umeiezeka makuti, hakikisha hakuna waya uliopenyezwa humo ukiwa uchi bila paipu. Makuti yakishika moto hayangojei ujumbe wako usomwe Birmingham.

Na ukijenga tena, mkandarasi aje paipu zikiwa wazi, kabla ya plasta. Hapo kupima ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya vigae huwa ni kazi ya nyundo.

*Shangazi, ndugu yangu amevuta waya kutoka kwangu, ukapita juu ya mnazi mpaka bandani kwake. Tokeni zaisha upesi.*
*Mkarimu, Gazi*

Mkarimu, mvua ya masika ikianza na upepo ukiutikisa huo mnazi, tokeni ndizo zitakazokuwa hasara yako ndogo. Ung'oe waya huo leo. Kama unampenda, mchangie aombe mita yake.

*Wewe Shangazi unajifanya mjuzi. Nyumba yako ina cheti?*
*Mbishi, Tiwi*

Ninacho, Mbishi. Fundi wangu, mwenye leseni halali, alikisaini barazani kwangu akinywa chai ya tangawizi kwa mahamri, na hakuinuka hata kuangalia jikoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, "Kaa, mwanangu, usijichoshe." Mita ikaja, nikafurahi. Mwaka jana, kwa aibu ya barua zenu, nilimwita mwingine apime. Akafungua soketi mbili za jikoni. Waya wa kijani ulikuwamo, safi kama ulivyotoka dukani, umekunjwa vizuri nyuma ya sahani, haukufungwa popote.