Ishirini na Sita Mbili

Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwahi kuunda baiskeli Heru Juu. Haba ninazo. Nina fremu ya Kihindi aliyoniachia marehemu baba mdogo, habu ya nyuma iliyokuja na fremu hiyo, ringi za mtumba kutoka Japani, na kiti kipya ambacho bado kiko kwenye nailoni. Kila kimoja peke yake ni kizima. Viweke pamoja uone ugomvi.

Mtaniuliza kwa nini nisinunue baiskeli nzima. Nimeziona hizo nzima. Zina springi mbele, gia nyuma, rangi za kung'aa, na keria isiyobeba hata mkungu mmoja wa ndizi. Mimi nataka chombo cha kushusha gunia la mihogo sokoni Kasulu, kisha kipande na mimi mlima bila kulalamika. Kulalamika nitalalamika mwenyewe. Wazee wenzangu wanaikumbuka Swala, iliyokuwa ikiundwa Dar es Salaam. Sasa kila kipande kina nchi yake, na nchi hizo zinakutana uani kwangu bila mkalimani.

Tuanze na tairi. Ringi ni ya 26. Nikaenda dukani, nikaomba 26, nikapewa 26, nikalipa. Fundi akaliweka, akalivuta, akalipigia goti, akachomeka spana mbili. Upande huu ukiingia, ule unatoka. Kijasho kikamtoka, tairi halijasogea.

"Mzee, hii siyo 26 yako," akaniambia.

"Kwani 26 zina wenyewe?"

Akachukua tairi kuukuu lililokuja na ringi, akalifuta ubavuni kwa kitambaa chenye grisi, tukasoma: 26 x 1 3/8, na pembeni kwa maandishi madogo, 37-590. Jipya lilikuwa 26 x 1.95, na pembeni 50-559. Kwenye hizo zenye kistari, namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi. Toa 559 kwenye 590, unabaki na milimita 31. Zaidi ya inchi nzima imepotea, na matairi yote mawili yanaitwa 26 mchana kweupe! Moja limeandikwa kwa sehemu, jingine kwa desimali, na muuza duka anaona hiyo ni tofauti ya mwandiko.

Wenye 28 msinicheke. 28 x 1 1/2 ya baiskeli zetu za mizigo ni 635. Ile 28 nyembamba inayokuja na mitumba ya Ulaya ni 622. Zamu yenu inakuja.

Tairi likapatikana. Tukaingia kwenye spoki. Mila ya Kiingereza, ambayo Wahindi waliirithi, ni spoki 32 mbele na 40 nyuma. Ringi yangu ya Kijapani ina matundu 36. Fundi akaanza kufuma gurudumu la nyuma, spoki moja baada ya nyingine, hadi ringi ikajaa na habu ikabaki na matundu manne yanatukodolea macho. Nikarudi kwa aliyeniuzia ringi. Akanitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, hayo manne ni ya kupitishia upepo."

Kotapini nayo, ile pini inayobana mkono wa pedeli, utadhani kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuwa na makabila. Inayo. Ziko za milimita 9 na za milimita 9.5. Ukiweka ya 9 kwenye tundu la 9.5, fundi atakukatia kipande cha kopo la soda akizungushie, atapiga nyundo, atasema tayari. Kweli ni tayari, mpaka uanze kupanda. Hapo inaanza: ko! ko! ko! Majirani wanajua ninarudi kabla hawajaniona.

Ukisalimika hapo, kuna pedeli. Ya kulia hukazwa kwa kuzungusha kulia, ya kushoto kwa kuzungusha kushoto. Hilo lina sababu: hesi za upande mmoja zingeilegeza ya kushoto kila unapokanyaga. Mimi niliuziwa jozi ya kulia na kulia, nikaambiwa nizigeuze.

Heru tuliwahi kuwa na chifu mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Naamini angeziita 26 hizi mbili barazani na kabla jua halijatua moja ingekuwa imebadilishwa jina. Leo hatuna baraza hilo. Tuna muuza duka anayesema "itaingia tu", na fundi mwenye nyundo.

Kwa hiyo msomaji, nakusihi. Ukienda kununua tairi usitaje 26 wala 28. Lipindue, tafuta namba yenye kistari, soma tarakimu tatu za mwisho. Zisipofanana na za tairi lako la zamani, hata kwa moja, rudisha pesa mfukoni. Ringi na habu, hesabu matundu mwenyewe kwa kidole, palepale kaunta. Kotapini, nenda na ile iliyochakaa. Na ukisikia "itaingia tu", mwambie muuzaji aiingize yeye, mbele yako, kabla hujalipa.