Gitaa la Juu ya Kabati

Ndugu yangu mwenye watoto, nakuonya mapema: usiwasimulie habari za akina Jackson. Mimi nilisimulia usiku umeme ulipokatika, na mdomo umeniponza.

Nilianza vizuri. Nikasema kule Gary, Indiana, Marekani, palikuwa na mzee Joe, mwendesha kreni wa kiwanda cha chuma, mwenye watoto tisa na nyumba ya vyumba viwili vya kulala. (Hapo Waziri wa Fedha, yaani mama watoto, akaguna. Hapendi kusikia kwamba vyumba viwili vinatosha.) Joe alikuwa na gitaa kabatini, marufuku kuguswa. Mwanawe Tito akawa analichomoa baba akienda kazini, mpaka siku uzi ukakatika. Mzee akawaka, kisha akamtaka apige asikie. Bendi ikazaliwa hapo.

Michael, mdogo wake Tito, alianzia nyuma, kwenye ngoma za bongo. Mwimbaji alikuwa kaka yao Jermaine. Lakini Michael akiwa na miaka 5 tu akaimba shuleni, mama yake akatokwa machozi. Mwaka 1967 ndugu hao wakashinda shindano katika ukumbi wa Apollo, Harlem. Januari 1970 wimbo wao "I Want You Back", wa kampuni ya muziki ya Motown, ukashika namba moja Marekani, na Michael ana miaka 11.

Nikanyamaza, nikidhani wamelala. Kumbe Kipaza, kitinda mimba wetu anayeomba hata chumvi kwa mayowe, alikuwa gizani anahesabu miaka yake kwa vidole. Ikatimia mitano.

Jumamosi narudi, gitaa langu la ujana, lile lililomnasa Waziri kabla hajaijua mifuko yangu, limeshushwa. Uzi mwembamba umejikunja kama mkia wa mjusi. Kaka mtu ananitazama bila chembe ya woga:

"Baba, sasa si uniambie nipige usikie?"

Nikageukia kwa mama mkwe kuomba msaada. Alikuwa amekalia ndoo, anasimamia usaili. Kipaza kashika mwiko, sufuria ya wali imegeuzwa ngoma, ukoko bado umeganda ndani. Akaimba. Mama mkwe akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kama mama yake Michael!" akadakia kaka mtu.

Mimi nilisikia harufu. Waziri alikuwa anakata vitunguu.

Nakuandikia haya nikiwa barazani, maana chumbani kwetu kuna mazoezi. Waziri kanipa hela ya uzi mmoja, na bei kashaiulizia.